Msimamizi wa Banda la Saba

Leseni ya kiwanda ilitundikwa mahali ambapo mgeni yeyote akikaa, macho yake yataiangukia. Ilikuwa kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, kioo kimefutwa, na shada la asumini limening'inizwa pembeni kama inavyofanyiwa picha ya mungu. Kando yake, kwenye fremu ya mbao isiyo na ua hata moja, kulikuwa na cheti cha msimamizi: Sankaralingam, mwana wa Velu, amefaulu mtihani wa kusimamia utengenezaji wa fataki. Mwenye cheti alikuwa ameshapelekwa kwenye moto wa mazishi, yeye na wanawake sita wa banda la saba. Leo ilikuwa siku ya tisa tangu mlipuko.

"Sheria inataka nini zaidi, dada yangu?" Gnanasekar aliuliza kwa upole. Alikuwa mwenye kiwanda, mtu mnene wa shati jeupe, na tangu asubuhi alikuwa hajapandisha sauti hata mara moja. "Inataka leseni, ile pale. Inataka msimamizi mwenye cheti awepo kazini, kile pale. Na alikuwepo. Alikufa humo humo. Kama marehemu aliamua kutumia mchanganyiko wa baruti uliolala, mimi nifanyeje? Nimfufue nimuulize?"

Inspekta Poonkodi alikuwa anafungua daftari la zamu, ukurasa mmoja mmoja, kwa ncha ya kidole. Masharti ya leseni yalisema msimamizi mwenyewe aandike kila siku kiasi cha baruti iliyochanganywa, na kila saa joto la bandani. Ukurasa wa siku ya mlipuko ulikuwa na mistari michache tu.

*Saa moja asubuhi. Joto 33.5. Mchanganyiko uliobaki jana, kilo tatu. Usitumike. Ulowekwe maji.*

"Yeye ndiye aliyeandika hivi?"

"Nani mwingine? Daftari ni la msimamizi."

"Aliandika usitumike, kisha akautumia?"

Gnanasekar aliinua mabega. "Sikukuu ya Deepavali imekaribia, fataki zinangojewa. Pengine aliona huruma kumwaga. Wazee wana huruma za ajabu." Akasogeza glasi ya chai mbele yake. "Kunywa, inapoa. Bosi wako aliniambia jalada litafungwa Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano.

Poonkodi aliomba madaftari ya miaka mitano iliyopita. Gnanasekar alitabasamu, akaagiza yaletwe, akasema wachukue hata kumi. Konstebo Rasaiah aliyabeba kwapani hadi kwenye gari lao la jipu. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu, na kila alipobeba kitu alihakikisha malalamiko ya mgongo wake yanasikika.

Hawakuondoka. Walipita nyuma ya ofisi, katikati ya miarobaini iliyopandwa kulizunguka kila banda ili moto wa moja usirukie jingine. Ya banda la saba ilikuwa imesimama bila majani upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa ya kijani kabisa, kama haikuambiwa. Palipokuwa banda palikuwa na sakafu tu. Ndala moja ya mpira ilikuwa bado imelala kwenye njia.

Banda la tatu lilikuwa zima. Ndani yake, juu ya mlango, palitundikwa kipimajoto cha kioo, chembamba kuliko penseli. Poonkodi alikitazama kwa muda.

"Mzee Rasaiah, nisomee hiki."

Rasaiah alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. "Afande, mimi naona mstari mwekundu. Namba kama mayai ya chawa."

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na minane. Usimwambie mke wangu."

"Sankaralingam alikuwa na sitini na mmoja. Na aliandika thelathini na tatu na nusu. Akaweza kuiona hata hiyo nusu."

Rasaiah alivua miwani taratibu, akaacha kutania.

Ndani ya gari walifungua madaftari ya zamani. Hakuhitajika mtaalamu wa maandishi. Miaka mitano nyuma, mwandiko ulikuwa mnene na umelala. Baada ya muda ulianza kukua, ukaacha kufuata mistari, herufi zikapandiana kama watu wanaogombea mlango. Halafu ghafla, kuanzia ukurasa mmoja hadi mwingine, ukanyooka. Ukawa mdogo, safi, wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Saini tu ndiyo ilijitahidi kufanana na ile ya kwanza.

"Irulappan," alisema Rasaiah. "Yule dalali wa vibarua. Ndiye aliyekuwa anaendesha mabanda manne ya mwisho. Nilikwambia tangu juzi, yule ana mkono katika kila chungu."

Irulappan alikuwa mahabusu tangu jana, amekamatwa stendi akiwa na mfuko wa nguo. Lakini kabla ya kurudi kituoni, Poonkodi alitaka kumwona Pechiyammal. Alikuwa mwanamke mzima, fundi wa kufunga tambi za fataki, ambaye mlipuko ulimkuta uwanja wa kuanikia. Karuppayi, mke wa mwanawe, alifia banda la saba.

Walimkuta barazani, mkono umefungwa bendeji. Kwenye boriti palining'inia susu ya sari, na ndani yake mtoto wa miezi minane alikuwa analia kilio cha kukata tamaa, kile kisichomwita mtu tena.

"Anakataa maziwa ya ng'ombe," alisema Pechiyammal. "Siku tisa anaonja na kutema. Anamsubiri mamake."

Poonkodi aliketi sakafuni, akaisukuma susu kwa mguu, pole pole, bila kuulizwa. Mtoto alinyamaza kidogo kusikiliza mwendo mpya.

"Una wangapi?" bibi aliuliza.

"Mmoja. Ana miaka mitatu."

"Basi unajua."

"Najua, mama." Akaendelea kusukuma. "Niambie habari za mzee Sankaralingam. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa watu. Hana matusi. Anakaa kwenye kiti chake mlangoni pa banda la kuchanganyia, kila anayepita anamsalimu. Wewe ukikohoa tu, anajua ni wewe. Chai ikija, ukimshikisha glasi mkononi anakuombea dua mpaka kwa wajukuu."

Mguu wa Poonkodi haukusimama. "Ukimshikisha?"

"Eeh."

"Hakuwa anaipokea mwenyewe?"

Pechiyammal aligeuza uso. "Masikio yangu yameharibika kwa ule mlio. Sijasikia ulichosema."

"Mama, tangu nimekaa hapa umesikia kila neno."

"Hilo sijalisikia."

Rasaiah alijikuna shingo. Ndani ya susu mtoto alianza upya, na safari hii bibi mwenyewe ndiye aliyelia, bila sauti, bendeji ikiwa mdomoni.

"Alikuja Gnanasekar hapa," alisema baadaye. "Alipita nyumba zote sita. Akasema kosa likiwa la msimamizi, familia zitalipwa haraka. Lakini tukianza maneno ya leseni, leseni itafutwa, kiwanda kitafungwa, na hakuna atakayepata hata mchele. Sisi huku tunajua nini, binti yangu? Hakuna shamba linaloota hapa. Kuna fataki tu."

"Amewadanganya. Haki ya marehemu haifi na leseni. Leseni ikivunjwa, anayedaiwa ni yeye."

"Hilo ungelisema siku ya kwanza."

Poonkodi aliisukuma susu mara moja zaidi, akainuka.

Kituoni, Irulappan aliletwa akiwa amenyoa ndevu, kama anayekwenda harusini. Poonkodi alimsukumia karatasi na kalamu.

"Andika: thelathini na tatu na nusu."

Irulappan aliitazama kalamu, kisha akamtazama Rasaiah. "Mzee, mwambie afande. Mimi hata jina langu naligongea dole gumba. Ningejua kuandika ningekuwa dalali? Ningekuwa karani."

"Unaongoza watu arobaini na hujui kuandika?"

"Watu hawaongozwi kwa kalamu."

Rasaiah alitoka, akarudi na kitabu cha mahabusu. Pale ilipotakiwa saini ya Irulappan palikuwa na dole la wino. Tuhuma yake ya siku tatu ilimponyoka. Akakaa chini kwa kishindo.

"Mabanda manne unayaendesha kwa leseni ya nani?" Poonkodi aliendelea.

"Ya Gnanasekar. Alinikodisha kwa mdomo. Ikija ofisi ya baruti kukagua, mimi ni kibarua wake. Wakiondoka, mimi ni bosi." Akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka. "Afande, hapa kila mtu anakodisha. Usinione mimi ndiye nimevumbua."

"Leseni inaruhusu watu wanne banda moja. Uliweka sita."

Alitazama mikono yake.

"Nani aliyetoa ule mchanganyiko wa jana yake?"

"Gnanasekar alipiga simu. Akasema malizeni uliopo, lori linakuja saa nane. Nikaenda kuuchukua. Binti akanizuia, akasema huo wa kumwagwa, tayari ameshauandika. Akaenda kisimani kuleta ndoo za maji. Nikasema moyoni, mpaka arudi…" Alisita. "Nikaubeba."

"Binti gani?"

Chumba kizima kilisikia alichokuwa amekisema. Irulappan alifumba macho.

"Muthuselvi," alisema. "Wa mzee Sankaralingam. Yeye anafunga tambi tu. Nilikosea kusema."

"Kibarua wa tambi anakuzuia wewe usichukue baruti, na wewe unamsubiri ageuke ndipo uichukue?"

Irulappan alijigeuza ukutani.

Nyumba ya Sankaralingam ilikuwa ya mwisho mtaani, karibu na bwawa lililokauka. Kabla hawajafika, Poonkodi alisimama. Kutoka jikoni kulikuwa kunafuka moshi.

Nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Majirani na ndugu huleta wali na rasamu, mchuzi wa ukwaju, kwa zamu, mpaka matanga yaishe, na hata adui huleta, japo kwa kuitupia mlangoni. Katika nyumba sita nyingine alizozipita siku hizi tisa, aliona masufuria ya watu yamejipanga barazani. Hapa hapakuwa na sufuria hata moja.

"Hawakuja," alisema Rasaiah kwa sauti ya chini. "Wanaona aibu, walishakubali kosa liwe la mzee."

Muthuselvi alitoka akifuta mikono. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, nywele hazijatiwa mafuta. Ndani, mama yake alikuwa amelala akiwaelekezea mgongo, mikono mitupu, bangili zimeshavunjwa kama afanyiwavyo mjane.

"Karibuni. Nisameheni, sina chai."

"Tumekunywa," alisema Poonkodi, ingawa hawakunywa. "Nimeleta vitu vya baba yako. Fimbo na sanduku la chakula. Nahitaji uandike kwamba umevipokea, na tarehe, na saa."

Msichana alichukua karatasi. Aliandika haraka, bila kuegemea mahali, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Chini ya kucha zake ulikuwa bado unang'aa unga wa alumini. Alipofika kwenye saa, aliandika 9.30, na ile tatu yake ilikuwa na kichwa bapa, kama paa la kibanda.

Poonkodi alifungua daftari la zamu, akaliweka kando ya karatasi. Tatu za namna ile zilikuwa nyingi mle ndani.

Muthuselvi aliisogeza karatasi mbali na daftari.

"Baba aliandika," alisema.

"Baba yako alikuwa haoni."

"Alikuwa anaona kidogo."

"Alikuwa anashikishwa glasi ya chai, Selvi."

Mama alijigeuza kule ndani. "Mwambie aondoke," alisema. "Mwambie mtu wetu ameshakufa, wamwache sasa."

"Mama, lala."

Muthuselvi alikaa chini, kwenye kizingiti, akaeleza kama anayesoma orodha. Baba alikuwa na presha ya macho. Giza lilianza pembeni, likaja katikati. Kwenye kliniki ya serikali waliambiwa wamechelewa. Gnanasekar aliambiwa siku ile ile. Akasema hakuna neno, mzee aje akae kwenye kiti, cheti ni chake, na binti afanye kazi. Mshahara ukabaki wa msimamizi mmoja na wa mfunga tambi mmoja. Tangu hapo yeye ndiye aliyepima, aliyechanganya asubuhi kabla jua halijapanda, aliyesoma joto, aliyefukuza watu bandani wakizidi. Baba alimsikiliza na kumsahihisha.

"Na siku ile?"

"Nilikuwa kisimani. Mchanganyiko ukilala ukapata unyevu, unapata joto wenyewe, unatoa harufu kama mkojo wa popo. Mimi niliinusa asubuhi. Baba aliinusa walipoupitisha mbele ya kiti chake. Nilimsikia anaita, majina, moja moja. Karuppayi, toka. Mariyayi, toka. Wakadhani mzee anaota. Irulappan alikuwa ameshawaambia lori linasubiri. Basi Baba akashika ukuta, akaingia banda la saba kuwatoa kwa mkono. Niliona mgongo wake. Ndoo nilikuwa nazo mkononi."

Rasaiah alitoka nje, akasimama akiitazama barabara.

Poonkodi alifunga daftari. "Nisikilize vizuri, na mama yako asikie. Jalada linafungwa keshokutwa. Likifungwa lilivyo, Gnanasekar ametimiza masharti: leseni anayo, msimamizi mwenye cheti alikuwepo, kosa ni la marehemu. Baba yako ataandikwa kuwa ameua watu sita. Wewe hutaguswa, kwa sababu kwenye karatasi wewe ni mfunga tambi."

"Na lisipofungwa?"

"Nikithibitisha kwamba msimamizi alikuwa kipofu na mwenye leseni alijua, leseni yake haikuwa na nguvu siku ile. Hapo ni yeye mshtakiwa, na Irulappan. Lakini siwezi kuthibitisha bila kusema nani aliyekuwa anafanya kazi. Na kusimamia baruti bila cheti ni kosa la jinai. Hata ukiisimamia vizuri. Hata kama ni kweli kwamba wangekusikiliza wewe, wangekuwa hai. Sheria haiulizi hilo kwanza, inauliza cheti."

"Miaka mingapi?"

"Mpaka mitatu. Hakimu anaweza kukuonea huruma. Siwezi kukuahidi."

"Selvi," mama aliita. "Nina wewe tu."

Msichana hakugeuka. "Neno langu na la Gnanasekar, watamwamini nani?"

"Yeye," Poonkodi alikiri. "Atasema hakujua. Mwandiko unaonyesha wewe uliandika. Hauonyeshi kwamba yeye alijua."

Muthuselvi aliinuka, akaingia ndani. Alisikika akisogeza kitu kizito. Aliporudi alikuwa na bahasha iliyokunjwa mara nne.

"Nilisoma masomo ya jioni mpaka darasa la kumi na mbili, ili nifanye mtihani wa msimamizi. Masomo nilifaulu. Ila fomu inataka barua ya uzoefu, na anayetia saini ni mwenye leseni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa. Nikaiandika mwenyewe, nikampelekea asaini tu."

Poonkodi aliifungua. *Ninathibitisha kuwa Muthuselvi, binti Sankaralingam, anasimamia uchanganyaji katika kiwanda changu kwa niaba ya baba yake ambaye amepoteza uwezo wa kuona.* Sehemu ya saini ilikuwa wazi. Lakini juu ya ukurasa, kwa wino wa kijani, kulikuwa na mwandiko wa mtu mwenye haraka: *Tuongee baada ya Deepavali.* Herufi mbili za jina la Gnanasekar, na tarehe ya mwaka jana.

"Alisema nikipata cheti nitataka mshahara wa msimamizi," alieleza Muthuselvi. "Nikangoja Deepavali ipite. Ikapita. Nikaogopa kumkumbusha."

Poonkodi alishika karatasi ile kwa ncha za vidole. Ilikuwa inatosha kumtia Gnanasekar gerezani. Ilikuwa inatosha pia kumtia msichana huyu, kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe.

"Naweza kutoka hapa sijaiona," alisema. "Mzee Rasaiah yuko nje. Mimi sijafungua bahasha yoyote."

"Na watoto wa wale sita wataambiwa nini kuhusu Baba?"

Mama alikuwa ameketi sasa, shuka limemwanguka mabegani. Alimtazama mtoto wake, kisha akatazama pembeni, na hakumzuia tena.

Poonkodi alitoa fomu ya maelezo ya polisi. Aliandika jina, umri, kijiji. Kalamu ikafika penye kazi, ikasimama.

"Nikiandika mfunga tambi, bado unaweza kugeuka," alisema. "Nikiandika hilo jingine, nitakukamata mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Andika msimamizi."

Aliandika.

"Tangu lini?"

Muthuselvi alihesabu kwa vidole, akarudia kuhakikisha. "Miaka miwili na mwezi mmoja. Andika yote, afande. Uchanganyaji, upimaji, madaftari. Usiruke kitu."

Ikawa kurasa tatu. Alipomaliza, msichana alizisoma kwa utulivu, akasahihisha uzito mmoja uliokosewa, akatia saini yake mwenyewe, siyo ya baba yake. Kisha akazirudisha na kuonyesha kwa kidole mstari mtupu wa chini.

"Na hapa panahitaji saini ya ofisa," alisema.

Poonkodi alitia saini. Muthuselvi alisubiri wino ukauke, akiitazama ile karatasi iliyosema kazi aliyoifanya na muda alioifanya, na jina la mtu aliyekubali kutia saini. Halafu akaenda kuzima moto jikoni, akampa mama yake chakula, akarudi na viatu mkononi.

"Sasa twende," alisema.